Trela Ina Magurudumu, Mbona Umeifunga kwa Nguzo ya Stima?

Nitaanza na msimamo wangu ndio tusizungushane: ukiwa na trela ya msosi hapa Eastlands, usiiwashe kwa stima ya 240. Isiwe ya sambaza, isiwe ya waya uliovutwa kutoka duka la jirani, isiwe hata ya inverta. Nunua taa za volti 12, ziunge moja kwa moja kwa betri, na ile doh ulikuwa uweke kwa inverta iweke kwa betri ya maana. Najua kuna wasee washaanza kukunja uso. Tulieni, nitafika kwenu.

Kama unaishi Umoja, Kayole, Donholm ama Pipeline, unajua trela ninazosema. Kile kisanduku cha mabati chenye magurudumu, dirisha linainuliwa juu linakuwa kama kofia, ndani kuna jiko la gesi, karai ya mafuta, chips, bhajia, smokie, na mtu mmoja anayefanya kazi ya watu watatu. Mchana imelala tu pembeni. Saa kumi na mbili jioni, mats zikianza kumwaga watu kutoka tao, inafunguka, na biashara yote iko kati ya hapo na saa tano usiku. Kwa hivyo taa ya trela si urembo. Mteja hanunui kitu asichokiona, na muuzaji hawezi kujua kama ile noti ya mia tano aliyopewa ni ya ukweli.

Sista yangu mkubwa anayo moja pale Umoja. Kwa muda mrefu alikuwa analipa mia kila siku kwa msee wa laini. Mnawajua hao: hana ofisi, hana risiti, ana pliers na roho ngumu. Mia kwa siku ni elfu tatu kwa mwezi, ya balbu mbili. Na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu nzuri ya dili. Sehemu mbaya ni kwamba waya uliungwa na karatasi ya nailoni, ukapita juu ya mtaro, ukaingia kwa trela kupitia tundu la bati bila kitu cha kuukinga. Siku moja ya mvua mteja akanyoosha mkono kuchukua chips, akashika kaunta, akaruka nyuma kama ameumwa na nyoka. Alikuwa amevaa viatu vya mpira, ndiyo maana tunalisimulia hili kama stori ya kawaida.

Hebu fikirieni vile hiyo kitu inafanya kazi. Trela ni bati, na imekaa juu ya matairi, yaani mpira. Waya ukichubuka na kugusa bati, mwili mzima wa trela unakuwa na stima, na hakuna chochote kitakachokwambia. Hakuna waya wa kwenda ardhini, hakuna swichi ya kujizima. Trela inakaa hapo na volti zake 240 ikingoja mtu aliyesimama kwenye maji aje kuigusa, halafu mtu huyo anakuwa ndiye njia ya stima kufika chini. Mara nyingi anayegusa kaunta kwanza ni mtoto aliyetumwa chips za hamsini, kwa sababu kaunta iko usawa wa mikono yake.

Volti 12 haiwezi kukufanyia hivyo. Unaweza kushika ncha zote mbili za betri kwa mikono mikavu na usisikie kitu. Kwangu mimi hoja ingeweza kuishia hapo, lakini najua watu hawabadilishi mambo kwa sababu ya usalama pekee. Kwa hivyo tuongee kanjo.

Kanjo wakija, mwenye mkokoteni wa smokie anahepa. Mwenye mayai boilo anahepa. Mwenye trela, ambaye alilipa fundi wa kuchomelea pesa ya ziada ili awekewe magurudumu, yuko pale anahangaika kufungua waya kwa nguzo! Umenunua kitu cha kutembea halafu umekifunga kamba kama mbuzi. Wiki ya mwisho wa mwezi watu wengi wako upande wa steji, Jumapili wako karibu na kanisa, kukiwa na mechi wako nje ya ile pub yenye skrini kubwa. Trela inaweza kuwafuata wote. Waya ndio unasema hapana.

Kinachonishangaza ni kwamba hakuna mahali Kenya hii panapojua taa za volti ndogo kama Eastlands. Tunapanda nganya kila siku! Ile disko ya zambarau na buluu ndani ya mat ya Buruburu ama Umoja haitoki kwa Kenya Power. Inatoka kwa betri na altaneta ya gari. Tangu Sheria za Michuki za 2004 zilipofuta michoro na kuleta ule mstari wa manjano, halafu mwishoni mwa 2014 Rais Uhuru akasema vijana waachwe wapambe magari yao, kumekua kizazi kizima cha mafundi ambao kazi yao ni kuweka taa kwa kitu kinachotembea, kinachotikisika, kinachopigwa na mvua, na kisishike moto. Huyo ndiye msee wa kuita, si yule wa pliers.

Tulienda kwa mmoja wao. Kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa rangi wala bei. Aliuliza, "Ni kumi na mbili ama ishirini na nne?" Kwa sababu mat ndogo ya abiria 14 inatumia volti 12, lakini zile Isuzu kubwa zina betri mbili zilizofuatanishwa, volti 24, na ukiweka stripi ya 12 kwa 24 inang'aa vizuri sana kwa muda mfupi sana. Tulimwambia ni trela, betri ni moja. Sista akaonyesha kwa simu picha ya nganya moja kali, akasema anataka hivyo. Fundi akacheka. "Siz, hii iko na injini ya kuichaji usiku mzima. Wewe injini yako ni nini, karai?"

Hapo ndipo watu wengi wanapotea, kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Stripi za LED za volti 12 zinafanana zote ukiziona dukani Luthuli. Mkunjo ni mita tano, gundi nyuma, bei zinakaribiana. Lakini iangalie namba. Ile iliyoandikwa 3528, yenye taa 60 kwa mita, hula karibu wati 4.8 kwa mita. Ile iliyoandikwa 5050, taa 60 kwa mita vilevile, hula karibu wati 14.4. Mara tatu. Duka halikwambii, linakwambia tu "hii ndiyo kali". Ni kali kweli. Inang'aa zaidi na inakunywa zaidi, na kwa kisanduku cha bati kisichofika hata mita tatu hiyo kali hauihitaji.

Trela ya sista iliisha hivi: mita tatu za 3528 juu ya kaunta na meza ya kukatia, mita moja kwa ubao wa bei na namba ya till, na balbu moja ya wati 5 ya volti 12 nje, zile zenye klipu nyekundu na nyeusi. Jumla ni kama wati 24. Kwa masaa matano, hiyo ni wati-saa 120 hivi. Kama tungechukua 5050 urefu huohuo tungefika zaidi ya 300. Balbu mbili za zamani za wati 60, za ule waya unaowaka, zingekula 600 na zitoe mwanga mdogo kuliko hizo LED za wati 24, kwa sababu karibu kila kitu balbu hiyo inakula inakigeuza joto. Na joto ndani ya trela yenye karai ya mafuta tayari lipo la kutosha, asante.

Sasa watu wa inverta. Hoja yenu ninaijua: "Mimi ninanunua inverta ndogo, naweka balbu za kawaida za LED za wati 9, ziko kila duka." Nitakuwa mkweli, hesabu yenu si mbaya sana. Balbu mbili ni wati 18, inverta yenyewe hula wati kadhaa hata kama hujawasha kitu, na nyingine inazipoteza njiani kama joto. Mnaishi. Lakini angalieni safari yenyewe: betri inatoa 12, inverta inaipandisha hadi 240, halafu ndani ya balbu kuna kaserketi kanakoishusha tena, kwa sababu LED haijawahi kutaka 240. Ni kama kutoka Umoja kwenda Kayole kupitia Westlands. Utafika, lakini umelipa nauli ya nini? Na juu ya hayo yote umerudisha 240 ndani ya kisanduku cha bati, ile ile tuliyokuwa tunaikimbia.

Sasa kitu ambacho sijawahi kuona mtu akikisema, na ndicho kilichonifanya niandike haya. Wati ina uzito. Betri hauwezi kuiacha kwa trela usiku, hapa Umoja ukiiacha umeitoa sadaka. Kwa hivyo inapanda na wewe hadi kwa keja. Sista anaishi ghorofa ya nne na flati haina lifti, kama flati zote za huku. Betri ya kawaida ya maji ama jeli, ile ya risasi, haitaki kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, inakufa mapema. Kwa hivyo ukitaka wati-saa 300 kwa usiku unabeba betri ya wati-saa 600, yaani kama 50Ah, na hiyo ni kama kilo 15. Kilo 15, saa tano na nusu usiku, baada ya kusimama masaa sita, ngazi za ghorofa nne, stima ya ngazi imepotea. Kila siku.

Ukipunguza hadi 120, mambo yanabadilika kabisa. Betri ya risasi ya 20Ah ni kama kilo 6. Na ukiweza kujipanga ununue ya lithiamu, zile zinazoandikwa LiFePO4, 20Ah yake ina karibu wati-saa 250, unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza, na ina uzito kama wa pakiti moja na nusu ya unga. Inaingia kwa begi la mgongoni. Bei yake ni ya juu, siwezi kudanganya, lakini usiipige hesabu na betri nyingine, ipige na ile mia ya kila siku.

Na kuichaji? Kwa keja, kwa soketi, kwa tokeni zako halali. Wati-saa 120, hata ukiongeza zinazopotea kwa chaja, hazifiki robo ya uniti moja. Hiyo ni chini ya shilingi kumi. Alikuwa analipa mia. Tumia chaja ya betri hiyo hiyo, si ya aina nyingine, na usiwashe taa wakati inachaji, kwa sababu chaja inapandisha volti juu ya 14 na stripi za bei nafuu zinapata joto.

Mtu ataniambia ushago kwao TV ilitumia betri ya gari miaka yote. Kweli, ile Great Wall nyeusi na nyeupe, betri inapelekwa senta kuchajiwa kwa baiskeli ili taarifa ya habari isipite. Nakubali heshima ya hiyo betri. Lakini betri ya gari imetengenezwa ipige teke moja kubwa la kuwasha injini na ichajiwe papo hapo. Kuinyonya polepole hadi iishe kila usiku ni kuiua. Na hizo "used" za Kirinyaga Road ni betri ambazo gari limeshazikataa.

Kuna watu wakishasikia 12 haiumi wanalala. Usilale. Haitakupiga shoti, lakini betri ikipata njia fupi kati ya chanya na hasi inatoa moto wa kuyeyusha waya, na wewe uko na mtungi wa gesi miguuni. Watu wa Embakasi hawahitaji kuelezwa gesi ni nini, usiku ule wa Mradi wa Februari 2024 bado uko ndani ya watu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakaa chini. Kwa hivyo betri na swichi viwe juu, upande wa pili wa mtungi. Na fyuzi iwe karibu kabisa na chanya ya betri, si kule mwisho karibu na taa. Kwa wati 24 waya unabeba ampea 2, fyuzi ya 5 inatosha. Fundi alituambia fyuzi ni kama makanga, kazi yake ni kuruka kabla ya gari kusimama. Ni kitu cha bei ya chini kuliko vyote kwa hiyo trela na ndicho watu wanaruka kununua.

Waya pia. Kwa 240, wati 24 ni ampea 0.1, hata waya wa uzi unatosha. Kwa 12 ni ampea 2, na ukitumia kale kawaya ka chaja ya simu iliyokufa, volti zinapotea njiani, na stripi mwanzoni inawaka fiti, mwishoni inafifia kama inataka kulala. Chukua waya wa milimita 1.5, uwe mfupi, na ukate stripi vipande vipande kila kimoja na waya wake. Stripi ya 12 inakatika kila baada ya taa tatu, pale palipochorwa mkasi. Chukua zile zilizofunikwa silikoni, zimeandikwa IP65, kwa sababu mvuke wa mafuta utaingia kila mahali na unataka kuweza kufuta.

Rangi sasa, na hapa ninaongea kama mtu wa kamera. Wacheni zambarau kwa nganya. Chips chini ya taa ya zambarau zinaonekana kama plastiki, na kachumbari inakuwa kitu ambacho sitakielezea. Mwanga mweupe wa baridi wa 6500K unatoa kila kitu rangi ya hospitali. LED nyeupe kwa kweli ni LED ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano (hiyo ya buluu ndiyo ilimpa Akasaki, Amano na Nakamura Nobel ya fizikia 2014), na unga ukiwa kidogo buluu inapita. Nunua ya joto, 3000K. Mafuta yanang'aa kama dhahabu, nyanya inakuwa nyekundu, na mvua zikianza wadudu wanapenda mwanga wa joto kidogo kuliko ule wa buluu. Kumbikumbi ni watamu, lakini si kwa karai ya mtu mwingine.

Na kama unauza pia kwa TikTok, na siku hizi nani hauzi: balbu nyingi rahisi za 240 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, simu inaona, ndiyo maana video zenu za msosi zina mistari myeusi inayopanda juu. Taa ya betri haipepesi, mradi usiweke ile rimoti ya kupunguza mwanga.

Tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, sikumbuki mtu wa nguzo aliyeuza kitu usiku huo mtaani kwetu. Wenye betri waliuza. Sihitaji nchi nzima izimike ili nieleze hili, Umoja inatosha, transfoma ikilipuka tu.

Sola? Inunue mwisho. Paneli ya wati 100 juu ya paa siku ya jua ingemaliza hiyo kazi na ibaki, lakini Julai hapa Nairobi unaweza kukaa wiki nzima hujaona kivuli chako, na paneli nayo inahitaji kulindwa mchana kutwa. Kwa shilingi kumi za tokeni, sioni haraka ni ya nini.

Mahali ambapo sina jibu la kupendeza ni blenda. Sista anataka kuuza juisi, na blenda ya 240 inataka inverta, hakuna njia ya kuzunguka. Nilimwambia kama ni lazima, iwe inverta yake, iwashwe dakika moja, izimwe, na isiguswe na mkono wenye maji. Bado tunajadiliana. Kuhusu zile taa za zambarau hakukubali kushindwa kabisa. Zipo, mita moja, nje, chini ya bampa, zina swichi yake, na anaziwasha Ijumaa.